Jeneza la Hamadi Forodhani

Usiku ule nililala na hasira. Mchana nilikuwa nimebishana na mama, maana alirudi tena kutoka kivukoni na bakuli la wali uliopoa. Kaka yangu Hamadi, mfunga kamba wa pantoni, alichukuliwa na mto wakati wa masika, na mwili wake haukuonekana. Mama alitukataza tusiweke matanga. Hakuna maiti, hakuna msiba, alisema, na kila adhuhuri akawa anampelekea chakula na kumngoja kwenye ngazi za mtoni.

Basi nikaota nimesimama katikati ya mji, karibu na mnara wa saa. Sijui nilifikaje. Mabati ya ujenzi yaliyozunguka uwanja hayapo, soko la zamani lina paa lake la vigae, na saa ya mnara, ambayo maisha yangu yote sijaiona ikienda, inaenda. Chini yake amesimama Bibi, mama yake mama, anaiangalia kwa dharau kama zamani. Alikuwa akisema mji wenye saa mbovu hauna haki ya kumlaumu mtu kwa kuchelewa. Kwa Bibi, hata jengo halikukosa la kuambiwa.

Nikamwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu. Akageuka akaenda, nami namfuata. Tunapita Boma, tunapita nyumba yenye mlango mkubwa wa nakshi, ule mlango uliokwisha kung'olewa na kuuzwa, na upo. Najua Bibi amekufa, nilimwosha mwenyewe. Lakini nina furaha hata naogopa kukanyaga kwa nguvu nisije nikaamka.

Tukatokea mbele ya forodha ya zamani, penye baraza ndefu ya mawe. Makaburi yetu yako ng'ambo ya mto, kwa hiyo jeneza likitoka msikitini huwekwa kwanza juu ya baraza ile. Wenye maduka hutoka, wauza samaki huacha mizani, na shehe huwauliza watu wa mji wanamjuaje marehemu. Wakishajibu ndipo anavushwa. Babu aliwekwa pale, na Bibi pia. Hamadi hakupata.

Sasa pana jeneza juu ya baraza, limefunikwa shuka ya kijani. Uwanja umejaa watu niliowalilia zamani: mzee wa kahawa, fundi cherehani wa kona ya soko, jirani yetu aliyekufa na uzazi. Bibi anagonga fimbo yake chini.

"Huyu mnamjuaje?"

"Mtu mwema," wanajibu.

Anauliza tena na tena, nao wanajibu vile vile, na machozi yananitoka, maana maneno yale Hamadi alistahili kuyapata kwetu sisi tulio hai. Nikaikimbilia shuka nimfunue. Bibi akanizuia kwa fimbo. Nikamsihi, walau uso tu. Nikamwambia mama anakwisha, hali wala halali.

"Huyu ni wetu sasa," akasema, na safari hii hakuwa mkali. "Tumempokea. Mwambie mwanangu asimngoje tena mtoni. Amlilie."

Wakalibeba jeneza, wakashuka nalo ngazi. Pantoni haipo. Wanaingia majini taratibu, maji yanawafika kiunoni, yanawafika mabegani, nami naita Hamadi, Hamadi, mpaka koo linauma.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Alikuwa amenisikia nikiita.

"Bibi yako kasemaje?" akaniuliza.

Nilishangaa amejuaje. Akaniambia kwamba Bibi humjia yeye pia ndotoni kila mara, na kila Bibi akifungua kinywa, yeye huziba masikio mpaka anaamka.

"Sema wewe," akasema. "Kwako nitasikia."

Nikamwambia, sikuongeza wala sikupunguza. Mama akapiga ukelele ambao sikuusikia kwake hata siku aliyokufa Bibi, na kabla jua halijachomoza majirani walikuwa wanaingia uani na mikeka yao, bila kumuuliza mtu ni nani aliyekufa.