Kompyuta Mbili za Mdogo Wangu Futi

Mdogo wangu alifariki wiki sita zilizopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu tumzike, watu wanaokuja kutupa pole wanasimulia mageti na madirisha aliyowatengenezea. Ni kweli, alikuwa fundi wa kuchomelea ambaye geti lake halikuwahi kukwaruza sakafu. Mimi nataka kusimulia kazi yake nyingine, maana niliiona kwa macho yangu na wengi hawaijui.

Walimwita Futi kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwake hata siku ya ibada. Tuliishi nyumba moja tangu alipoachana na mkewe, na yule mama akahamia mji mwingine pamoja na binti yao wa pekee. Futi alimwona mtoto mara mbili kwa mwaka, shule zikifungwa. Siku nyingine alimpigia simu, nami nilisikia upande wake tu. "Hujambo mama? Shule je? Umekula? Haya." Mtoto alijibu neno mojamoja, kama mtu anayesukumwa. Simu ikikatika, mdogo wangu alibaki ameishika mkononi anaitazama.

Halafu binti akamfundisha gemu ya kujenga mji. Watu wawili walio mbali wanaingia pamoja kwenye kompyuta, wanachonga barabara na kulaza mabomba, huku wanazungumza kwa hedifoni. Walicheza kila Jumamosi alasiri. Huko, mikono ikiwa na kazi, mtoto alifunguka. Alisema habari za walimu, za rafiki aliyemsusa, za kiatu kilichombana. Futi aliniambia, "Dada, kwenye simu ni mgeni. Kwenye gemu ni mwanangu." Mimi sikuelewa. Nilimwona mtu wa miaka arobaini na tatu anacheza kitoto, nikamwomba Mungu amwondolee jambo hilo. Namshukuru Mungu hakunisikiliza.

Siku moja gemu ikaleta tangazo kwamba baada ya miezi mitatu toleo jipya litaanza, na kompyuta kuukuu hazitaweza kulifungua. Ya Futi ilikuwa kuukuu kweli, feni yake ikilia utadhani inasaga mahindi. Akaanza kudunduliza. Aliacha chai ya kazini, akachukua vibarua vya Jumapili baada ya ibada, jambo lililoniuma. Kila jioni alikaa mezani na daftari, anajifunza kompyuta ya gemu huunganishwaje kwa vipande. Kiingereza kilimpiga chenga, kwa hiyo mimi niliyemaliza sekondari ndiye niliyemsomea. Nilisoma mambo ambayo hata leo siyajui vizuri, lakini yeye alikuwa akinisimamisha. "Rudia hapo, dada. Urefu wa kadi ni milimita ngapi?" Na futi ikatoka kiunoni.

Ilipobaki wiki tatu orodha ilikuwa tayari, na pesa ilitosha kompyuta moja nzuri yenye kadi yake ya picha, ile inayofanya gemu ionekane kama kweli. Jumamosi ile nikamwona amevua hedifoni mapema.

"Kompyuta ya mtoto nayo haitafungua," akasema. "Imeandika hivyo tangu mwanzo. Alikuwa ananificha."

"Kwa nini akufiche?"

"Anajua nadunduliza. Hakutaka kuniongezea mzigo."

Jumatatu tukaenda dukani, mimi nikiwa msomaji wake wa maboksi. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alipotuona tu akasema, "Fundi, umekuja kupima tena? Bidhaa zangu zitaisha kwa kupimwa."

"Leo nanunua. Nataka kompyuta mbili."

Mwenye duka akaitazama ile pesa, akacheka. "Kaka, hii haitoi kompyuta mbili za gemu. Inatoa moja na nusu."

"Basi nipe hiyo moja na nusu. Nusu iliyobaki nitaichomelea."

Nilidhani ni utani. Alikuwa amekwisha kupiga mahesabu yake yote.

Kwanza alifuta kadi ya picha, ile aliyoiota zaidi ya miezi miwili, akaipiga mstari bila hata kushusha pumzi. Badala yake alichagua prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za toleo lililopita, zilizokwisha kutumika, za aina ambayo ina uwezo wa kutoa picha yenyewe bila kadi. Aliazima kioo cha kukuzia akakagua vijimiguu vyake safu kwa safu. Moja ilikuwa na kijimguu kilichopinda. Akairudisha kimyakimya ikaletwa nyingine. Kisha akahakikisha zinaingia kwenye madabodi, yaani ile bodi kubwa ambayo kila kitu huchomekwa, za bei ya chini kabisa.

Kwenye memori wakabishana. Mwenye duka alitaka kumpa kipande kimoja kikubwa kwa kila kompyuta.

"Nigawie vipande viwili vidogo," Futi akasema.

"Si jumla ni ileile?"

"Jumla ndiyo, njia siyo. Prosesa hii inaazima memori ili itoe picha. Ukiipa njia mbili inavuta kwa haraka, ukiipa moja inakwama."

Mwenye duka akanigeukia. "Shemeji, huyu ni fundi wa mageti kweli?"

"Mimi ni dada yake," nikamwambia. "Na ni wa mageti."

Mwishowe akaletewa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, tena kwa bei ya kutupa. Futi akakipima mkononi kama mtu anayenunua papai. Akanipa na mimi. Kilikuwa chepesi kama kopo tupu.

"Hii ndani ina maombi tu," akasema.

Nikamwambia asifanyie maombi mzaha. Akaniomba radhi, lakini mwenye duka alikuwa amekwisha kuangua kicheko. Futi akakirudisha, na kwa vile vizito, kimoja kwa kila kompyuta, akakubali kutoa pesa nyingi kuliko mahali pengine popote. "Umeme nimefanya nao kazi miaka ishirini," alisema. "Kitu hiki kitakaa chumbani anapolala mwanangu."

Pesa ikaishia hapo. Makasha ya kufungia vipande hivyo hayakununuliwa.

Makasha aliyatengeneza mwenyewe uani, kwa bati la kabati la mafaili lililotupwa na ofisi moja. Alikata, akakunja, akachomelea, na vipande vya kompyuta vikiwa mbali kabisa, ndani kwenye kabati langu la nguo. Alitoboa matundu ya hewa kwa nakshi aliyozoea kuweka kwenye madirisha ya watu wenye uwezo. Kitufe cha kuwashia kilikuwa cha kengele ya mlango. Bodi aliziinua juu ya vijiguzo vifupi vya shaba ili zisigusane na bati. Kasha la binti alilipiga tupa kwenye kingo zote, kisha akapitisha kidole, kisha akapitisha shavu lake. Palipomkwaruza alipiga tupa tena. Nilikuwa mlangoni na bakuli la viazi nilivyokuwa nikimenya, nikashindwa kuendelea.

Kompyuta ya binti aliipeleka mwenyewe kwa basi, safari ya siku nzima. Kondakta alitaka kuiweka chini na mizigo, yeye akakataa akaipakata kama mtoto mchanga mpaka mwisho. Kesho yake akapanda basi la kurudi, na siku ya tatu alikuwa kazini.

Jumamosi ya kwanza ya toleo jipya alinivutia kiti. Akachomoa hedifoni ili na mimi nisikie, akabonyeza kengele yake. Gemu ikafunguka.

"Baba, umeingia?"

"Nimeingia mama. Wewe je?"

"Nipo. Lakini mbona miti yote inafanana?"

"Pesa yetu ilitosha aina moja ya mti."

Mtoto akacheka sana. "Shangazi yupo?"

"Nipo, mwanangu," nikajibu, nikiogopa kusogelea meza.

"Shangazi, mwambie baba daraja lake limeenda upande."

"Limekaa sawa!" Futi akapinga. "Nimelipima!"

Wakaendelea hivyo, wanalaza mabomba, wanabishana. Kisha sauti ya mtoto ikashuka.

"Baba, kuna kitu sijamwambia mama."

Mdogo wangu hakugeuka kunitazama. "Malizia kwanza bomba hilo," akamwambia taratibu, "halafu uniambie." Akanyoosha mkono akachomeka hedifoni. Sikusikia tena neno. Nilimwona tu kwa nyuma, kichwa kinaitikia, mikono inafanya kazi.

Nikatoka nikamfungia mlango. Wakazungumza mpaka wakati wa chakula. Alichoambiwa hakuwahi kunieleza, hata hospitalini, tulipokuwa tunazungumza mambo yote. Binti naye alikaa karibu nami siku ya mazishi, ameshika mkono wangu, na mimi sikumwuliza.