Ukoka wa Baba, Kuku wa Mama

Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, baba alipunguzwa kazi, tukahama nyumba ya shirika na kurudi kwetu Utemini, mjini Singida. Wenzake waliondoka na viti vya ofisi. Yeye aliondoka na gunia la ukoka wa bustani ya nyumba ile, limelowa, akaupanda mbele ya nyumba. Majirani, ambao kwao uwanja safi ni ule uliofagiwa ukabaki udongo mtupu, walicheka, wakasema tunafuga nyoka. Baba hakujali. Jioni aliketi akiutazama, na kwa saa ile moja alikuwa bado bwana mkubwa. Nilimpenda sana saa hiyo.

Kwa ajili ya ukoka huo, kuku wa mama walifungiwa bandani. Kwetu Singida, kuku wa kienyeji kufungiwa mchana kutwa ni kumvunjia heshima mwenye kuku, lakini mama alivumilia.

Mwezi wa pili, mvua ikinyesha vizuri tu, ukoka ukaanza kukauka kwa mabaka. Baba akamgeukia mama mbele yetu watoto.

“Mama watoto, unamwaga maji ya sabuni hapa.”

“Mimi?”

“Nani mwingine?”

Siku tatu mama alimwandalia chakula bila neno. Nilimkasirikia baba, na hasira ile haijaniisha yote.

Siku ya nne baba alirudi na chupa ya sumu ya kunyunyizia ukoka. Maduka siku hizo yalijaa dawa za kila namna, nyingine hazina hata karatasi ya maelezo. Mama aliitazama chupa, akachuchumaa, akashika majani makavu na kuvuta. Yakainuka kama mkeka, hayana mizizi. Chini walikuwa wamejikunja funza weupe, wanene, vichwa vya kahawia.

“Wale mbawakawa wa mvua za kwanza, waliojaa kwenye taa, hawa ndio watoto wao,” alisema. “Kwetu Misigiri wanakula mizizi ya mahindi hivi hivi.”

“Dawa yake?”

Mama alitazama banda la kuku. Lisilo budi hutendwa. Baba aliweka chupa chini, akaenda kulifungua mwenyewe.

Wiki nzima kuku walichakura, funza wakaisha, na ukoka nao ukabaki vipande. Baba aliacha kuketi nje jioni.

Jumamosi mama alitoka bila kuaga, akarudi na gunia limelowa kichwani. Alikuwa amekwenda kuomba ukoka kwenye nyumba yetu ya zamani, kwenye geti ambalo baba hakuweza tena kupita hata karibu yake.

Baba alimtua mzigo.

“Haikuwa sabuni, mama watoto.”

“Najua,” alisema mama. “Chimba.”