Lugha Iliyohesabu Tangu Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, vikanibana mpaka machozi yakanilenga. Mudiri, yaani mkurugenzi wa idara ya kompyuta, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinipokea mlangoni kwenye ofisi yetu ya Ghubra, Maskati, akaniuliza kwa Kiarabu kama najua kuandika programu. Nikamjibu najua.

"Hujui," akasema. "Umesoma tu. Kakae na Nassor."

Nassor alikuwa wa asili ya Unguja kama mimi, kanizidi umri na akili, na tukiwa wawili tulizungumza Kiswahili. Kazi amenifundisha yeye. Nyinyi vijana wa leo mnaandika nusu ya mstari, mashine inakumalizieni. Sisi tuliandika wenyewe mpaka nukta, na kila kisanduku cha kuwekea habari tulikitangaza kwanza jina na aina: hiki cha namba, hiki cha maneno. Ukisahau kimoja, programu nzima inagoma. Na orodha tulizihesabu tangu sifuri, yaani kitu cha kwanza ni namba sifuri na cha pili ndiyo namba moja. Hilo lilinichukua muda kulizoea.

"Sifuri, bibi, sifuri!" Nassor akinikemea huku anacheka. "Unaanzia moja kama muuza ndizi wa soko la Mawaleh?"

Lakini yeye mwenyewe kuchekwa hakukuweza, na sababu yake sote tuliijua. Alifika Maskati kijana, Kiarabu chake cha kubahatisha. Sisi kwa Kiswahili tunasema "kaja", awe mwanamume awe mwanamke, tumemaliza. Waarabu wana "jaa" ya mwanamume na "jaat" ya mwanamke. Katika siku zake za mwanzo kazini, Nassor alimuona mudiri wa wakati ule anaingia, akasimama kwa heshima zote akawatangazia wenzake: "Al-mudir jaat!" Akamfanya mkubwa wao bibi. Ofisi ilicheka mpaka mudiri mwenyewe akacheka, na kwa miaka mingi baadaye, kila mkubwa akiingia, hakukosekana wa kunong'ona "jaat".

Nassor akajifungia na Kiarabu mpaka akawa ndiye anayesahihisha barua za ofisi nzima. Ila aliniambia kwamba kiapo alikula siku ile ile: hatojifunza tena kitu mbele za watu.

Mimi nikahamishiwa tawi la Sib, nikapandishwa nikawa mkuu wa kitengo, nikarudi Ghubra. Wakubwa walikuja na kuondoka. Mmoja alipenda vikao, mwengine aliviogopa. Mwisho akaja Mudiri Yusuf, mdogo kuliko sisi wakongwe wote, muungwana sana, na akaja na ile lugha.

Ilikuwa lugha ndogo ya kuandikia kurasa za tovuti. Wanaoijua dunia nzima nadhani wangeenea kwenye harusi moja. Kampuni fulani ilituuzia tovuti mpya iliyoandikwa kwa lugha hiyo, nasi tukaletewa mwalimu tuijue ili tuitunze.

"Nyinyi ni mabingwa," Mudiri Yusuf alituambia. "Mtaijua kabla kahawa haijapoa."

Alitaka kututia moyo, maskini, lakini neno lile lilituponza. Baada ya kuitwa bingwa, nani tena anyanyue mkono darasani aulize? Mimi nilinyanyua, kwa sababu haya nilishaimaliza zamani. Lugha ile haikutaka utangaze visanduku. Unatupia habari ndani basi. Na orodha ilizihesabu tangu moja. Mwalimu alilisema hilo kwa haraka, akapita. Nassor alikaa safu ya mbele, mikono kifuani, hakuandika neno.

"Kaka Nassor," nikamwambia tulipotoka, "twende chumba cha chai tuipitie kwa Kiswahili, mimi na wewe tu."

"Unanifundisha mie?"

"Nakusaidia."

"Nna lugha ngapi kichwani, Zuwena? Hii ya kitoto haitonishinda."

Nikamuachia. Laiti ningemg'ang'ania! Mpaka leo naumia nikikumbuka jinsi nilivyomuachia kirahisi, kwa kumstahi.

Siku ya kuwaonesha wakubwa kurasa tulizoandika, ukurasa wa Nassor ulikuwa wa majina ya viongozi wa idara, yamepangwa kwa mfuatano wa herufi za Kiarabu. Alikuwa ameyahesabu tangu sifuri. Lugha zetu za zamani ukikosea hesabu zilipiga kelele. Hii, ukiiomba kitu namba sifuri, inakupa nafasi tupu na kunyamaza. Kwa hivyo ukurasa ulipomulikwa ukutani, juu ya orodha pakawa patupu, na jina la mwisho likakosa pa kukaa. Herufi ya mwisho ya Kiarabu ni "ya". Mudiri Yusuf alijitafuta, hakujiona.

"Na mimi niko wapi?" akauliza kwa upole.

Kisha kutoka nyuma mzee mmoja wa idara ya hesabu, wa zama zetu, akanong'ona: "Jaat."

Wakongwe wakaangua kicheko. Vijana nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nikamsogelea Nassor nikamwambia kwa Kiswahili, "Anzia moja, kaka." Akasahihisha, jina likatokea, mkutano ukaendelea. Wiki ile ile akaomba kustaafu mapema.

"Ni kosa la namba moja tu, Sheikh Nassor," Mudiri Yusuf alimbembeleza mbele yangu. "Hata mimi nimelifanya."

"Wewe una umri wa kulifanya," Nassor akamjibu, akashuka ngazi.

Na sasa sikilizeni linaloniuma zaidi. Lugha ile haikudumu. Kampuni ilifungwa, wa kuitengeneza hakupatikana, tovuti yetu ikaandikwa upya kwa lugha nyengine, inayohesabu tangu sifuri. Mbora wetu alikuwa keshakwenda zake. Niliifanya kazi yangu mpaka nikastaafu, na sijutii kazi yenyewe. Najutia kwamba mtu kama yule tulimpoteza kwa kicheko, na kilichochekesha hakipo tena.

Juzi nilikwenda kumtembelea kwake Mabela. Mkewe alituwekea kahawa na halua, tukazungumza habari za wajukuu. Ghafla Nassor akaniuliza:

"Ile lugha ya Yusuf, bado ipo?"

"Imekufa, kaka. Haitumii mtu."

Akakitikisa kikombe kuonesha ametosheka, akakiweka chini.

"Basi nifundishe," akasema. "Sasa hakuna wa kucheka."

Nikatoa kalamu mkobani, nikavuta bahasha iliyokuwa mezani. Nikatafuta kichwani mstari wa kwanza unaanzaje, sikuupata. Nikatafuta wa pili. Muda wote ule nilioitumia, na lililobaki ni lile la kuanzia moja tu. Nikaandika namba moja juu ya bahasha. Nassor akavaa miwani, akainama kwa adabu ya mwanafunzi, akasubiri niendelee.