Buti Zisizo na Kamba

Jumamosi, katika duka la viatu huku ughaibuni, mjini Coon Rapids, niliwakuta mama mmoja Mkenya na binti yake, nesi aliyekuwa bado na sare ya kazi. Binti amepiga magoti, anamfunga mama kamba za buti ndefu.

"Hizi haziingizi maji, Mum. Na umependeza nazo!"

Mama akatikisa kichwa. "Nipe zile fupi, za kutumbukiza mguu tu."

"Zile hazina sura. Kamba nitakuwa nakufunga mimi."

"Na ukiwa kazini?"

"Si utaningoja nirudi?"

 Mama alizivua zile ndefu, akachukua zile fupi, akasimama wima na kuingiza mguu mmoja, kisha wa pili, bila kuinama. Akatoka nje, akakanyaga dimbwi la theluji iliyoyeyuka, katikati kabisa. Kupitia kioo tulimwona akicheka peke yake.

"Tangu aje hajawahi kutoka bila mimi," binti akaniambia polepole, akaenda kulipa.

Sisi tunaowaleta wazazi huku huwaza baridi tu. Kumbe mzazi anaweza kupata joto la kutosha na bado akawa mfungwa wa kamba za viatu.