Sala Isiyo na Amina

Kanisani kwetu Columbia Heights, pembeni mwa Minneapolis, mimi ndiye ninayefungua macho wakati wa maombi. Lazima mtu aifanye kazi hiyo. Bila mimi, nani angejua kwamba mpiga kinanda hutafuna biskuti? Au kwamba Tonton, mdogo wake baba na shemasi wetu, akisikia "Tuombe" huganda palepale alipo? Kuna Jumapili alinaswa akiwa ameshika sufuria ya maharage ya moto. Maman mmoja wa kanisani aliyekuwa akiomba alipita Uvira, akapita Bukavu, akazunguka kambi nzima ya wakimbizi tulikotoka kabla ya kurudi Minneapolis, na Tonton amesimama tu, kichwa chini, mvuke ukimwingia puani. Nilicheka mpaka nikafinywa.

Sufuria hiyo tutairudia.

Tonton ana rafiki kazini, mzee Mzungu anayependa pikipiki za theluji. Ni pikipiki zisizo na magurudumu: mbele zina ski mbili, nyuma mkanda wa mpira unaochimba theluji. Mzee alinifundisha kwenye ziwa lililoganda, ng'ambo ya Oakdale. Ziwa ni bapa kama chapati, kwa hiyo nilikuwa malkia. Shule ilipofungwa wiki moja, akapakia pikipiki tatu kwenye trela, akatupeleka mimi na Tonton mpaka milima ya Montana. Milima ile sikuipenda tangu mwanzo. Ilikuwa inatuangalia.

Kabla ya kuondoka alitufunga vifuani vidude vya kutoa ishara, ili ukifukiwa na theluji inayoporomoka upatikane. Kisha redio ya mkononi kwa kila mtu. Kisha akaniangalia nitafsiri, maana Kiingereza cha Tonton ni cha ghalani: pandisha, shusha, wapi lanchi.

Nikatafsiri neno kwa neno, bila chumvi. "Tonton, anasema kwenye mteremko anapanda mtu mmoja tu. Akikwama, wengine wabaki chini, pembeni, mpaka yeye atoe ruhusa. Theluji inaweza kubeba mmoja, akiongezeka wa pili ikakatika yote."

Tonton alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mutoto na mizaha yako! Mutu anakwama, wenzake wanamuangalia tu kama sinema?"

"Kweli tena, Tonton."

"Kweli yako naijua."

Simlaumu. Huko alikokulia, lori likizama kwenye tope wanashuka wote, hata bibi harusi na gauni lake, wanasukuma.

Mzee alitangulia, akakata mteremko na kupotea nyuma ya mgongo wa mlima. Zamu yangu. Nilifuata alama zake vizuri, mpaka nikafanya kosa la kuangalia chini. Miti ilikuwa midogo kama miswaki. Kidole kikaachia gesi chenyewe. Kule ziwani ukiogopa unaachia gesi, unasimama, unakula sandwichi. Mlimani ukiachia gesi unazama. Pikipiki ilichimba shimo lake yenyewe, ikainua pua, ikazimika.

Kimya. Halafu chini yangu nikasikia mlio mzito, kama jitu limekalia sofa. Ufa mwembamba ukatoka kwenye ski yangu, ukakimbia kushoto. Upande ule ule ambao Tonton angepandia.

Na Tonton alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki yake.

"Usiogope, mama," redio ikasema. "Niko nakuja, tusukume."

"Hapana! Baki hapo!"

"Ndiyo, ndiyo. Mizaha tena."

"Tonton, sicheki! Theluji imepasuka!"

"Wiki ile ulisema nyumba inaungua."

Nilisema, ndiyo. Nilitaka ainuke aache rimoti.

Nilimwita mzee. Zilirudi kelele za redio na neno moja lililokatika: anakuja. Chini, injini ya Tonton ikanguruma. Ski zake zikageuka kuelekea juu, kuelekea ule ufa. Nilimwita jina lake lote, kitu ambacho mtoto hafanyi. Akanipungia mkono.

Ndipo nikaiona ile sufuria.

Nikabonyeza redio. "Tuombe."

Injini ikazimwa. Tonton akavua helmeti, akaiweka kwenye usukani, akainamisha kichwa. Kwenye baridi ile!

Nikaanza kwa kuwaibia maneno akina maman wa kanisani. "Baba wa mbinguni, Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo..." Nikawaombea wagonjwa. Nikawaombea madereva wa basi, mwalimu wangu wa hesabu, mpiga kinanda na biskuti zake. Kila nikivuta pumzi, kichwa cha Tonton kinaanza kuinuka. "Na tena, Baba!" Kinashuka. Nikatambua kwamba Amina ndiyo ufunguo wa ile injini. Nikiitamka tu, anapanda. Na maneno yalikuwa yananiishia.

"Mungu, usimchukue huyu," nikasema, na sauti haikuwa tena ya kuiba. "Ndiye anayenisubiri kituoni na skafu ya maman wangu kichwani, watu wakimcheka. Mwache. Tafadhali, mwache palepale."

Nilikuwa nimefumba macho. Mimi!

Nilipoyafumbua, mzee alikuwa ameuzunguka mlima na kutokea kwenye miti chini, kando ya Tonton. Akaangalia mteremko, akauona ufa, akanyoosha mkono polepole na kuchomoa ufunguo wa Tonton. Tonton hakutikisika. Kisha sauti ya mzee ikaja redioni: acha pikipiki, fuata alama zako mwenyewe, usikimbie. Nilitembea kama mwizi kwenye nyumba yenye mbwa, theluji ikinifika mapajani, mpaka nikashika mti wa kwanza. Nikaukumbatia.

Niliposhuka mpaka kwao, mzee alikuwa akimwonyesha Tonton mlima kwa kidole. Kutoka pale ufa ulionekana wote, umevuka mteremko mzima. Tonton aliufuata kwa macho, mwanzo hadi mwisho.

"Yale maneno ya asubuhi," akaniuliza taratibu, "alisema kweli?"

"Alisema kweli."

Akanivuta, akanibana kifuani mpaka vidude vyetu vikagongana. Helmeti ilikuwa bado kwenye usukani, na masikio yake yalikuwa yamepauka kwa baridi.

"Vaa, Tonton."

"Navaa namna gani? Haujafunga sala."

Mizaha mitatu ilinijia hapo hapo, yote mizuri. Nikasema Amina.