Swali la Gesi kwenye Posa ya Clarisse

Kaka yangu Anastase anauza mitungi ya gesi hapa Kamembe, Cyangugu, barabara ya uwanja wa ndege, na hakuna aliyewahi kutoka dukani kwake na mtungi peke yake. Utatoka na mtungi na mhadhara juu. Redio ikitangaza kwamba nchi fulani imepeleka wanajeshi kwenye nchi nyingine, anapunguza sauti, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza: "Chini kule kuko nini?"

Ndivyo alivyo tangu ujana wetu Bukavu, ng'ambo ya mto, Kongo. Wazazi wetu walikuwa Wanyarwanda, sisi tukazaliwa mtaa wa Kadutu, tukasoma kule, tukarudi huku tukiwa watu wazima na Kiswahili chetu cha ng'ambo, kile cha "bantu" badala ya watu, "njo" badala ya ndiyo, na "juu ya" badala ya kwa ajili ya. Kule Anastase aliona majeshi ya nchi nyingi yakiingia, kila moja likisema limekuja kwa ajili ya raia, na aliona pia magunia ya mawe ya madini yakipakiwa kwenye ndege. Jambo hilo lilimwingia kichwani na halijatoka mpaka leo. Kuwait, atakwambia, mafuta. Irak, mafuta. Libya, usimuulize.

Mimi si mtu wa kukubali jambo kwa sababu tu limesemwa na kaka mkubwa. Siku moja nilimweka sawa mbele ya wateja.

"Na Bafaransa balipokuya hapa Cyangugu mu mwaka ya makumi kenda na ine," nikamwambia, "balichimba mafuta gani? Majani ya chai?"

Sote tulikuwa ng'ambo mwaka ule, tuliona ndege zao zikishuka upande huu.

"Mafuta haikukuwa," akasema. "Njo maana balichelewa. Balikuwa na yao ingine." Halafu akanyoosha kidole dirishani, kuelekea ziwa Kivu. "Na ile ziwa yetu iko na gazi chini. Tuombe Mungu tusipate matatizo, Béata. Batakuya kutuokoa."

Wateja walicheka, na mimi nikacheka pia ingawa nilikuwa nimekasirika. Huyo ndiye kaka yangu. Amemlea binti mmoja tu, Clarisse, baada ya mke wake kufariki, na kwa huyo binti hana mchezo hata kidogo. Alimfundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko wa Kamembe akikimbia pembeni yake ameshika tandiko, mzee mzima, na watu wakimpigia miluzi. Clarisse alipopata kazi ya uuguzi hospitali ya Mibirizi, baba alimpigia simu kila asubuhi kumuuliza kama amekula.

Na Mibirizi ndiko Clarisse alikompata Shimwa. Kijana alikuwa amemleta mama yake, Maman Patricie, kupima presha. Mrefu, mpole, anaongea kidogo. Kila kitu kizuri. Ila Shimwa ni mwanajeshi, na kituo chake ni Msumbiji, kule kaskazini, Cabo Delgado. Wanajeshi wetu wa Rwanda walikwenda kule tangu mwaka elfu mbili ishirini na moja kupigana na waasi waliokuwa wakichinja watu vijijini. Na kule, kama ilivyoandikwa kwenye magazeti yote, kuna gesi nyingi sana chini ya bahari, na kampuni za kigeni zinazotaka kuichimba.

Kati ya vijana wote waliojaa nchi hii, binti wa Anastase akamchagua huyo!

Nilingoja mhadhara. Haukuja. Kaka yangu alimsikiliza Clarisse mpaka mwisho, akauliza jina la baba wa kijana, akaambiwa ni marehemu, akasema pole. Halafu akakubali siku ya posa ipangwe Shimwa akiwa likizo. Mimi, mjinga, nilidhani mapenzi ya mtoto yamemshinda. Nilimwambia hata jirani kwamba mzee amelainika.

Inabidi niseme posa zetu zilivyo, maana bila hilo mtu hataelewa kilichotupata. Familia ya kijana inafika na vinywaji na msemaji wake. Familia ya binti inakaa upande wa pili na msemaji wake. Kisha wanaanza kusumbuana. Wa kwetu anazua vizuizi vya uongo: binti ameshaolewa, binti ameingia utawa, nyinyi mliwahi kutuibia ng'ombe. Wa kwao lazima ajibu kila kizuizi kwa utani na heshima, wageni wacheke, mpaka wa kwetu ashindwe na binti aitwe. Kila mtu anajua ni mchezo. Baba wa binti hasemi kitu. Anakaa, anakunja uso kidogo, anakunywa. Kijana naye hafungui mdomo. Lakini baba akikataa kweli, mbele ya watu, imekwisha. Familia iliyokataliwa hadharani hairudi tena kwenye mlango huo.

Jumamosi hiyo mahema mawili yalisimamishwa uani kwa Anastase. Mimi sikuwa nje. Kwetu shangazi ndiye anayekaa chumbani na binti, na ndiye anayemtoa maneno yakiisha. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya pazia, tukisikia yote. Clarisse alikuwa amevaa mushanana, vazi letu la sherehe, wa rangi ya dhahabu, shanga kichwani, na alikuwa anatabasamu peke yake.

Msemaji wetu, Mzee Jean-Paul, alianza vizuri. "Huyu mutoto munamutafuta," akasema, "ameshakuwa masista."

"Tulipitia ku misheni," akajibu Vénuste, msemaji wao, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye sauti ya kujaza kanisa. "Masista banasema habamujue, na banasema anakula sana."

Watu wakacheka. Clarisse akanifinya mkono. Vikapita vizuizi viwili vitatu vya namna hiyo, na nikaanza kumtengeneza shanga nikijua tunakaribia kuitwa.

Ndipo, kwenye upenyo wa pazia, nikamwona Anastase anasimama.

"Vénuste," akasema, "na miye niko na kizuizi."

Watu wakapiga makofi. Baba wa binti mwenyewe ameingia uwanjani! Walifikiri ni mapambo mapya ya mchezo, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ya dukani.

"Kijana wenu iko natumika ku Mozambike," akasema. "Balibatuma kule juu ya bantu, ao juu ya gazi?"

Kicheko. Hata Mzee Jean-Paul alijipiga paja. Na Vénuste, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akafungua mikono miwili.

"Mzee, weye unauzisha gazi, mukwe wako anachunga gazi. Tumalizie tu ndoa, kampani ikuwe ya familia!"

Uani pakalipuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mimi niliweka jicho kwenye pazia nikaona shingo ya kaka yangu kwa nyuma, imekaza, na hiyo shingo naijua tangu utoto. Clarisse akanishika mkono.

"Béata!" akaita, bila kugeuka. "Usimutoshe mutoto inje."

Kicheko kilikatika upande wa mbele, kikaendelea nyuma kwa wasiosikia, kisha nao wakanyamaza. Clarisse aliuachia mkono wangu.

"Siko nacheza," akasema Anastase. "Munisikilize. Kama balienda juu ya bantu, siku bantu balirudia mu manyumba yabo, kijana naye anarudia. Hiyo ninaweza kuingojea. Kama balienda juu ya gazi, atarudia siku gani? Gazi haitaisha leo. Itaisha miye niko mu kaburi, na mutoto wangu amezeeka mulangoni. Munaniomba binti. Muniambie basi anaenda kungojea nini."

Nilitaka kutoka nimfunge mdomo kwa kitenge changu. Nilikuwa na hasira, na aibu juu ya hasira, maana Maman Patricie alikuwa mstari wa mbele ameukumbatia mkoba wake. Mwanamke anayelala na simu chini ya mto kila siku, leo anaulizwa hivi mbele ya watu! Lakini nitasema ukweli: nilikuwa na hofu zaidi. Miaka yote nilidhani kaka yangu anabishana na redio. Kumbe swali lake lilikuwa linauma, ila halikuwa limepata mtu wa kumuuma.

Vénuste alijifuta jasho. "Mzee, balisema banaenda kusaidia—"

"Hiyo niliisikia ku redio. Niko nauliza kijana."

Mzee Jean-Paul akamvuta shati akae, mila hairuhusu. Anastase hakukaa. Upande wa pili nikamwona Maman Patricie anamshika mwanawe mkono, na mwanawe anautoa ule mkono polepole, anasimama. Nyuma ya mahema mtu akasema, "Eh, Mungu wangu."

"Papa," akasema Shimwa, "siyui."

Kaka yangu akangoja.

"Nilipofika kule, nilikuta kijiji iko tupu. Hata kuku haikukuwa. Sasa bantu banarudia, soko iko, batoto banasoma. Hiyo niliona na macho yangu. Na gazi pia iko. Niliona senyenge yake na mataa yake, usiku inawaka yote. Kati ya bile bitu mbili, gani ilikuwa ya kwanza mu vichwa vya bakubwa, miye siyui. Na siku ya kurudia kabisa, habajaniambia."

Akabaki amesimama. Hakuongeza neno la kujipendekeza, na Mungu anajua nilimwomba kimoyomoyo aongeze. Angesema tu "Nitarudi mwakani, Papa," watu wangepumua.

Anastase aligeuka, akaingia ndani ya nyumba. Nikasikia viatu vyake kwenye korido. Baba haingii chumba cha binti siku ya posa, sijawahi kuona wala kusikia, lakini mlango ulifunguka akawa pale, miwani mkononi. Nje walianza kunong'ona. Najua walichokuwa wanafikiri: ameondoka, amekataa, tukusanye kreti zetu.

"Umesikia," akamwambia Clarisse.

"Nimesikia, Papa."

"Kijana haiko muongo. Hiyo njo inanisumbua. Angenidanganya, ningemufukuza na roho safi." Akakaa kitandani, juu ya nguo zilizotandazwa, bila hata kuangalia. "Uniambie neno moja, nitakataa miye. Bantu batasema Anastase ni kichaa ya redio. Hakuna mwenye atasema Clarisse alikataa. Nitaibeba miye."

Hapo ndipo nilipomwelewa, na nikageukia ukuta ili wasinione. Hakuja na swali lake kumkomoa mtu. Alikuwa amejitengenezea mwenyewe aibu, akamletea binti yake mkononi, aitumie akitaka.

Clarisse aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anafikiri.

"Papa," akasema mwishowe, "leo nikiuliza Shimwa iko wapi, ba jeshi banamujibu Maman Patricie. Miye ni muntu wa kando. Ikitokea mubaya, nitaisikia ku soko, kama vile kila muntu. Nikikuwa bibi yake wa ndoa, itabidi bakuye kwangu, baniangalie mu macho, baniambie. Na ile swali yako, nitabauliza miye. Siku gani anarudia? Kila mwezi nitabauliza."

"Batachoka na weye."

"Bachoke."

Hakusema anampenda. Hakusema atavumilia. Alisema tu hivyo, mikono juu ya magoti, uso mkavu, na mimi niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mtu yeyote. Anajua anakoingia, nikawaza. Hata sisi wakubwa hatukujua namna hiyo tulipoolewa.

Anastase alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, na mara hii alikuwa mzee kweli. Alivaa miwani. Ilimchukua muda kuiweka sawa.

"Mutoshe," akaniambia, akatoka.

Nilimfuata na Clarisse mpaka mlangoni. Nje, nusu ya upande wa kina Shimwa walikuwa wamesimama tayari, mwingine ameshaweka kofia kichwani. Vénuste alikuwa ameinama akimnong'oneza Maman Patricie. Shimwa peke yake hakuwa amesogea kutoka pale alipojibu. Anastase alipita katikati ya uwanja, mahali ambapo baba wa binti hapiti, akasimama mbele yake. Ilibidi ainue kichwa, maana kijana anamzidi.

"Kijana," akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwa wapishi. "Ukirudi kule, muntu akikuuliza unachunga nini, usiseme bantu. Usiseme gazi. Sema: ninachunga bwana ya Clarisse."

Kicheko kililipuka, kikubwa kuliko vyote, cha watu walioshusha mzigo, na vigelegele vikaanza, na Mzee Jean-Paul akawa anapiga makofi akisema alijua tangu mwanzo kwamba ni mchezo. Nikamtoa Clarisse juani. Anastase hakucheka. Shimwa naye hakucheka. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, alipomjibu, "Ndiyo, Papa."