Mtoto Aliyeanza Tena Kutoka Moja

Mwaka uliofuata ule tuliohamishiwa katika kijiji kipya, upande wa Kasulu, binti yangu wa tatu alikuwa darasa la pili kwa mara ya pili. Mwalimu wake, mwanamke kijana aliyeletwa na serikali kutoka Tanga, aliniita shuleni akaniambia wazi kwamba iwapo shule itafungwa kabla mtoto hajaweza kujumlisha, mwakani atarudishwa la kwanza, akae benchi moja na mdogo wake. Mume wangu aliposikia habari hiyo alikata shauri papo hapo.

"Mama watoto, sitaki aibu hiyo. Kama ni la kwanza, abaki nyumbani ashike jembe."

"Jembe analishika tayari," nikamjibu. "Na shule hataiacha."

Mjukuu wangu, andika jambo hili kama nilivyolitamka, wala usilipunguze: mtoto yule hakuwa mjinga. Alisoma kitabu cha Kiswahili bila kukwama, ilhali nyumbani tunasema Kiha. Lakini ukimwekea punje nne za maharage, alizigusa moja moja kwa kidole. Ukizifunika kisha ukazifunua, alianza tena kutoka moja, kana kwamba hajapata kuziona. Wenzake walikwisha kuligundua hilo. Kila alipoitwa ubaoni walimpigia kelele, "Anza tena! Anza tena!"

Mwalimu alidhani ameijua sababu. Kwetu hatuhesabu watoto wala mifugo kwa kutaja idadi; ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu kwamba wapo, Mungu anawatunza.

"Nivumilie, mama," aliniambia. "Ninyi wenyewe mnamfundisha mtoto kuogopa namba."

"Kaka zake wawili wamelelewa katika nyumba hiyo hiyo, mwalimu. Wanahesabu mpaka unachoka kuwasikiliza."

"Hata hivyo, jaribuni. Ahesabu mbuzi kila jioni."

Mume wangu hakutaka kuonekana anampinga mtu wa serikali, akakubali kwa shingo upande. Tukamsimamisha mtoto mlangoni mwa zizi. Jioni ya kwanza alitaja idadi moja, jioni ya pili nyingine, na mbuzi ni wale wale. Baba yake akanong'ona kwamba tunawaitia mbuzi mauti bure. Jioni iliyofuata mtoto hakuhesabu kabisa. Alitazama zizi, akasema, "Mama, yule mwenye sikio lililopasuka hayupo."

Ilikuwa kweli, alikuwa amebaki kwa jirani. Hapo nilielewa. Mtoto alijua nani amekosekana bila kujua wamebaki wangapi. Sura ya kitu aliikamata, idadi ikamponyoka. Haukuwa uvivu, wala haikuwa mila yetu. Nikamwambia mume wangu kwamba kuhesabu mbuzi kumekwisha, na hakubisha.

Mvua za kwanza zilipoanza tukaenda kupanda maharage. Msimu uliotangulia nilikuwa nimemwagiza atie mbegu tatu kila shimo, na shamba likaota vichaka hapa na upara pale. Safari hii sikutaja tatu. Nilimwambia, "Kila shimo ni jiko. Weka mafiga." Akaziweka mbegu kama mawe ya jikoni yanavyokaa, mstari mpaka mstari, bila kukosea. Tukaendelea hivyo nyumbani. Nne ilikuwa miguu ya mbuzi. Tano ilikuwa mbuzi na mkia wake. Nilipozifunika punje na kuzifunua, alitaja sura yake mara moja, bila kuzigusa.

Alipozipeleka punje shuleni, mwalimu alimwambia azirudishe, darasa si shamba. Basi nilivaa kitenge changu cha kanisani nikaenda.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu, akishangaa kuniona.

"Marahaba. Sikuja kugombana. Naomba apewe muda, na aruhusiwe kuchora."

Nikaketi benchi la nyuma. Mwalimu aliandika ubaoni nane kujumlisha tano. Binti yangu akachora kwa nukta mbuzi na mkia, kando yake mafiga; kisha mbuzi mwingine na mkia. "Anza tena!" wakapiga kelele. Chaki ikasimama. Sikuinuka, nikamwacha. Hakufuta kitu.

"Mbuzi wawili wenye mikia," alisema, "na jiko moja."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Sasa andika kwa tarakimu."

Akaandika tatu, kisha moja. Thelathini na moja! Kelele zikazidi, mwalimu akapiga meza kwa rula mpaka zikakoma. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingeweza kulifanya. Alisimama kando ya mtoto, akagusa ubao.

"Mbuzi wawili wenye mikia ni kumi moja. Kumi inakaa huku, upande wa dirisha. Jiko limebaki peke yake. Lenyewe linakaa upande wa mlango. Haya, wapange."

Mtoto akatazama dirisha, akatazama mlango, akafuta, akaandika kumi na tatu.

Nje, barazani, mwalimu aliniambia, "Nitampandisha, mama, na nitabaki naye baada ya masomo. Ila usitegemee kwamba atafanana na wenzake."

"Sikuomba afanane nao. Nimeomba asirudishwe."

Nyumbani mume wangu alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na akikwama huko la tatu?"

"Nitakwenda tena nikae benchi la nyuma."

"Watakucheka, mama watoto."

"Wamekwisha kunicheka."

Shule ilipofunguliwa alisimama katika mstari wa darasa la tatu, mwishoni kabisa, kwa sababu ya urefu wake. Jedwali la kuzidisha lilimtesa mwaka ule wote, na uliofuata pia. Kila nilipoitwa, nilikwenda.